Shahidi Si Jina Tu

Wako watu wasemao kwamba katika mambo ya barua za siri zipitazo katika kompyuta, mtu hana haja ya kusumbuka, kwani programu itamfikiria kila kitu. Sisi hatukubali.

Mwaka 1991 Phil Zimmermann wa Marekani alitoa programu iitwayo PGP. Kila aitumiaye ana funguo mbili: mmoja huutoa kwa watu wote, nao ndio wa kumfungia barua, wa pili huuficha, nao ndio wa kuzifungulia. Basi ukiletewa ufunguo wenye jina la Juma, wajuaje kuwa ni wa Juma, wala si wa mpelelezi aliyejiita Juma? Ukikosea hapo, hata kufuli liwe madhubuti namna gani, barua yako umemfungia adui.

Zimmermann hakupenda afisi moja iwe mwamuzi wa watu wote. Alitaka watu washuhudiane wao kwa wao: aliyeonana na Juma na kuuhakiki ufunguo wake autie sahihi yake. Katika programu ya GnuPG, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Koch mwaka 1997, kawaida ya hesabu ni hii: shahidi unayemwamini kabisa atosha peke yake, wale unaowaamini kwa kiasi tu lazima wawe watatu, na mlolongo wao, kuanzia kwako, usizidi hatua 5. Tena ufunguo wa kila shahidi lazima nao uwe umekwisha thibitika.

Hapa liko jambo ambalo wengi hulipita mbio. Kuthibitika kwamba ufunguo ni wa Juma si sawa na kumwamini Juma awe shahidi. Aweza kuwa Juma kweli kweli, na bado akawa mtu wa kutia sahihi ovyo kwa kila amwombaye, kwa kuona haya kukataa. Hukumu hiyo programu haiwezi kuitoa. Waitoa wewe, tena kwa siri, bila Juma kujua umempa daraja gani.

Hesabu yenyewe nayo tunaitia kasoro. Mashahidi watatu huhesabiwa kuwa watatu hata kama walikaa meza moja wakadanganywa na kitambulisho kimoja cha bandia. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu, lakini hakimu mwenye akili huuliza kwanza kila mmoja alisimama wapi. Programu haiulizi.

Mwezi wa Juni 2019 waharibifu walizirundikia funguo za mafundi wawili wajulikanao sana sahihi za uwongo, makumi ya maelfu, hata GnuPG ikashindwa kuzibeba. Mwezi uliofuata watengenezaji wake waliamua kwamba sahihi za watu wengine ziletwazo na mabohari ya funguo zisipokelewe tena, ila mwenyewe apende. Tangu hapo utando ule umenywea sana.

Basi wako waliofurahi, wakisema afadhali kuziachia afisi kubwa kazi ya kuthibitisha. Tunawauliza: mmesahau DigiNotar? Hiyo ilikuwa afisi ya namna hiyo katika Uholanzi. Mwaka 2011 wezi waliingia ndani yake wakatoa vyeti vya uwongo zaidi ya 500, kimoja kwa jina la Google, na watu wa Iran wakapelelezwa barua zao wakidhani wako salama. Hawakuwa na shahidi wa pili wa kumwuliza. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulivunjwa.

Kwa hiyo sisi twaupendelea utando, pamoja na udhaifu wake. Lakini twawataka wale wautumiao waache desturi ya kutiliana sahihi kwa ajili ya urafiki, kana kwamba ni salamu. Ambaye hukuonana naye, wala hukuusoma ufunguo wake tarakimu kwa tarakimu, mwambie bila haya kwamba hutatia sahihi. Na aliyekwisha kutia ovyo, programu yampa nafasi ya kuitangua sahihi yake. Aitangue leo.