Breki haziishi ghafla

Huenda wewe ni mmoja wa wale ambao kila shule zinapofungwa hupakia watoto na mizigo garini na kushika njia ya Nakuru au Kisumu kuelekea nyumbani. Je, mara ya mwisho ulipokuwa ukiteremka Mai Mahiu, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942, ulinusa harufu kali ya kitu kinachoungua?

Wengi hudhani ni lori lililo mbele. Nami nilidhani hivyo, hadi nilipokanyaga breki na kanyagio likazama kana kwamba nimekanyaga sifongo. Gari lilisimama kwa taabu kando ya barabara, magurudumu ya mbele yakifuka moshi na watoto wakiuliza kama tumefika.

Siku mbili kabla ya safari, fundi alikuwa amelikanyaga kanyagio hilo mara moja gari likiwa limeegeshwa, akatamka kwamba breki ni nzuri. Na kweli, kwa safari ya kutoka Buruburu hadi mjini zilikuwa nzuri!

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mjini hupata nafasi ya kupoa, lakini mteremkoni mguu haubanduki na joto huzidi kupanda. Isitoshe, nguvu ya mguu wako hufikishwa magurudumuni na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata gari likikaa tu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hushindilika kwa urahisi. Basi wewe wakanyaga, mvuke wajikunja, gurudumu halipati habari.

Ndiyo sababu mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ya gari lako yalibadilishwa lini? Kuongeza si kubadilisha. Yakipungua katika chupa yake, ama pedi zimelika ama yanavuja mahali, na kuongeza tu ni kuficha ugonjwa. Tena usikubali kamwe wakutilie oili ya injini humo, hata tone. Huvimbisha mipira ya ndani na kuharibu mfumo mzima.

Sikiliza pia. Mlio mwembamba wa chuma unapokanyaga breki mara nyingi ni pedi zinazokaribia kwisha; ukigeuka kuwa mkwaruzo, umechelewa, na disiki nazo zitaingia katika hesabu. Na kanyagio likizama polepole ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani, ahirisha safari.

Hata hivyo, breki mpya nazo huchemka dereva akizidhulumu. Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Kwenye gari la otomatiki, toka D uende 2 au L. Injini itanguruma, iache ingurume, ndiyo inayokuzuia. Wapo wanaoteremka kwa 'free' eti waokoe petroli. Injini nyingi za siku hizi hukata petroli zenyewe zikiteremka ndani ya gia, ilhali kwenye 'free' huendelea kuinywa. Basi akiba yenyewe iko wapi?

Likikufika, pampu kanyagio upesi upesi, punguza gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono taratibu na uwashe taa za hatari. Ukishasimama, weka mawe magurudumuni na uwatoe watoto mbali na barabara. Usimwage maji kwenye magurudumu yenye moto, disiki zaweza kupasuka.

Sisi tulikaa pale karibu saa nzima. Breki zilipopoa kanyagio lilirudi, tukateremka kwa gia ya kwanza, malori yakitupigia honi, hadi kwa fundi mmoja kule chini Mai Mahiu. Mafuta aliyoyatoa yalikuwa meusi kama kahawa. Mapya aliyoyatia yalikuwa na rangi ya asali nyepesi.