TAKA ZETU ZIOZE, PETROLI TUAGIZE?

MJI wa Morogoro unapokea vitu viwili kwa wingi kila siku ya Mungu. Cha kwanza ni mafuta. Matenki yanatoka bandarini Dar es Salaam usiku na mchana, yanapita Msamvu, mengine yanamwaga kwenye vituo vyetu na mengine yanaendelea Dodoma, Iringa hadi nchi jirani. Cha pili ni chakula. Kutoka Kinole, Matombo, Mgeta na Nyandira, huko juu Uluguru, pikapu, Fuso na bodaboda zinashusha ndizi, mananasi, kabichi, karoti na nyanya.

Jioni masoko yakifungwa kinabaki kitu cha tatu. Mikungu iliyopukutishwa, maganda, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka njiani, vinyesi vya machinjioni. Hivi vinapakiwa kwenye lori la taka, lori linajazwa dizeli iliyonunuliwa kwa dola, kisha linakwenda kutupa mzigo wake nje ya mji. Kwa maneno mengine, Morogoro inachoma mafuta ya kununua ili ikazike mafuta ya bure. Sisi tunahoji: huu ni uchumi wa nani?

Maana taka hizo ni mafuta kweli, hatusemi kwa mafumbo. Aliyefika kidato cha pili anajua kwamba kitu kilichokuwa na uhai kikioza mahali pasipo na hewa hutoa gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ileile iliyomo kwenye gesi asilia ya Songosongo na Mtwara. Inaitwa bayogesi. Katika kila mita 100 za ujazo za bayogesi, methani ni kati ya 50 na 70 hivi. Nyingine ni hewa ya ukaa, pamoja na kiasi kidogo cha ile gesi ya salfa inayonuka kama mayai viza, ambayo inakula vyuma vya injini. Kwa hiyo ikitakiwa kuendesha gari, lazima isafishwe kwanza. Ikishasafishwa, mita moja ya ujazo ya methani ina nguvu karibu sawa na lita moja ya dizeli.

Tatizo la gesi ni kwamba inajaza nafasi. Huwezi kuitia kwenye dumu. Zipo njia mbili za kuitawala. Ya kwanza ni kuishindilia kwenye mitungi ya chuma, kama wafanyavyo bajaji na teksi za Dar es Salaam kwa gesi asilia. Ya pili ni kuipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa kimiminika na ujazo wake ukapungua kama mara 600. Hapo ndipo lori la masafa marefu linapoweza kubeba safari nzima kwenye tangi lake, na hapo ndipo gesi inaweza kusafirishwa hadi mahali pasipofikiwa na bomba. Morogoro ni mahali pa namna hiyo. Bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015 lilitoka Mtwara likaishia Kinyerezi. Sisi tukaambiwa tusubiri. Tunasubiri.

Wenzetu hawakusubiri. Mji wa Linköping huko Sweden ulianza miaka ya 1990 kuendesha mabasi kwa gesi itokanayo na mabaki ya machinjio na vyakula, na ilipofika mwaka 2002 mabasi yote ya mji yalikuwa yanaitumia. Huko Skogn, Norway, tangu 2018 kipo kiwanda kinachochukua mabaki ya samaki na tope la kiwanda cha karatasi na kutoa bayogesi ya kimiminika. Atakuja mtu aseme hao ni Wazungu, wana fedha. Basi tumtazame Mhindi, ambaye ana walalahoi wengi kuliko sisi. Mwaka 2018 serikali ya India ilianzisha mpango ambao makampuni ya mafuta yanaingia mikataba ya kununua bayogesi ya magari kutoka kwa wazalishaji wa taka za miwa, samadi na mabaki ya mashamba. Mzalishaji anajua mteja wake kabla hajachimba msingi.

Je, wakubwa wetu hawajui haya? Wanajua, na wanajua zamani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilipewa mradi wa kugeuza taka za Dar es Salaam kuwa umeme, nishati na mbolea. Ulifahamika kwa jina tamu la Taka Gas, na Mfuko wa Mazingira wa Dunia uliutengea dola milioni 2.5. Ulitangazwa kuwa mfano kwa Afrika nzima. Makabrasha yakaandikwa, semina zikafanyika, posho bila shaka zikalipwa. Kiwanda hakikujengwa. Mwenye umri wa mwandishi wa safu hii alizaliwa akakuta mradi umeshakuwa marehemu.

Haki lazima itendeke: si kila kitu kilikufa. Kule Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani kwa msaada wa UNIDO na wafadhili wengine ilijenga mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, ukaanza kazi kwenye mwaka 2008. Nyuzi za mkonge ni kama asilimia 3 hadi 5 tu ya jani. Zinazobaki zote ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalitiririshwa mitoni. Hale ilionyesha kwamba makapi yale yanawasha taa. Lakini miaka zaidi ya kumi na tano imepita, na mtu akitaka mfano bado anaitaja Hale ileile.

Sasa turudi Morogoro, maana hapa ndipo inapouma. Mkoa huu una Kiwanda cha Sukari Kilombero, una Mtibwa kule Turiani, una Mkulazi kilichojengwa Mbigiri, Kilosa, kwa fedha za wastaafu watarajiwa wa NSSF pamoja na Magereza. Kilombero kuna pia kiwanda cha spiriti kinachotumia molasi, na maji machafu ya kiwanda cha spiriti ni miongoni mwa malighafi bora za bayogesi duniani. Mkoa una mashamba ya mkonge ya Kimamba na Tungi. Manispaa ina mabwawa ya majitaka pale Mafisa, ambayo yanachemka methani kwenda angani bure. Na methani ikienda angani hivihivi, inachangia joto la dunia zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa yenye uzito uleule. Watu wa Mgeta wanaolalamika kwamba mvua zimebadili tabia wanadai maelezo na hapo pia.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kama wafanyavyo wengine kila baada ya miaka mitano. Kupoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ni kazi ya mitambo ghali inayokula umeme, na haina maana kwa taka za soko moja. Chukua hesabu ya mfano tu. Tani moja ya mabaki ya vyakula hutoa, kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu, kama mita 100 za ujazo za bayogesi. Tani 10 zilizochambuliwa vizuri kwa siku zitatoa mita 1,000, na humo methani ni kama mita 600. Toa kinachopotea njiani na kinachotumika kuendesha mtambo, unabaki na nishati ya lita mia nne au mia tano za dizeli. Hizo haziendeshi mkoa. Lakini zinatosha malori ya taka ya manispaa kwa kazi zao za siku, na pengine kubaki. Kwa taka za mjini, basi, inafaa gesi ya kushindilia. Ya kimiminika ni ya viwandani, ambako miwa, molasi na mkonge vimeshakusanywa mahali pamoja na mwenye kiwanda mwenyewe ana malori ya kulisha. Malori ya kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara yamekuwa yakitumia gesi asilia, kwa hiyo asituambie mtu kwamba dereva wa Kitanzania hawezi.

Yapo pia mambo ya uhai. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu. Watu wakakimbilia na vidumu, moto ukalipuka, na waliokufa, papo hapo na baadaye hospitalini, walizidi 100. Wengi walikuwa vijana, wengine waendesha bodaboda. Wakati ule walitokea watu wenye magari ya serikali na mafuta ya serikali wakawaita marehemu wale wezi na wajinga. Sisi tulisema na tunarudia: mtu anayehatarisha roho yake kwa lita tano ametueleza thamani ya lita tano katika maisha yake. Gesi nayo ina hatari zake, ikivuja karibu na moto inalipuka, na ile ya kimiminika inaunguza ngozi kwa baridi. Lakini hakuna awezaye kuichota kwa kidumu. Ikimwagika inachemka na kupaa.

Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Hatukupinga nafuu ile, wananchi walikuwa hoi. Ila fedha zile zilichomwa kwenye injini na kwisha. Wakati uleule Dar es Salaam kilo moja ya gesi asilia ilikuwa inauzwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli, na inakwenda mbali kuliko hiyo lita. Foleni za bajaji kwenye vituo vichache vya gesi mwaka 2023 na 2024 zilitosha kuonyesha wananchi wanataka nini. Tumejengewa treni ya umeme, tangu Juni 2024 inafika Morogoro, tumeipanda na ni nzuri. Lakini haipandi Nyandira. Nyanya ya Nyandira inashuka kwa injini ya mafuta, na bei ya mafuta ikipanda, mwenye gari haipunguzi faida yake: anampunguzia mkulima bei ya tenga.

Ndipo tunapofika kwenye siasa, maana wapo watakaosema gazeti hili limeacha siasa na kuandika habari za majalala. Jalala ni siasa. Mwaka 2016 Serikali Kuu ilizinyang'anya halmashauri kodi ya majengo, ikaipeleka TRA. Halmashauri iliyopokonywa mapato ya uhakika haijengi mtambo wa gesi. Inabaki kukimbizana na mama ntilie kwa ushuru wa taka. Na mradi ukija, unakuja kutoka juu umeshafungwa kwenye kabrasha la mfadhili. Waluguru wanaujua mchezo huo. Mwaka 1955 Mwingereza alilazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko milimani bila kuwasikiliza wenye milima, wananchi wakagoma, Matombo ikamwagika damu na mpango mzima ukaachwa. Hawakuwa wanauchukia udongo wao. Walichokataa ni kuamrishwa juu yake.

Safari hii wasikilizwe, kwa sababu wana cha kudai. Taka zikishatoa gesi, yanabaki makapi na tope ambalo ni mbolea nzuri. Rutuba hiyo imetoka Kinole na Mgeta ndani ya ndizi na kabichi. Magari yanayoshusha mazao asubuhi hurudi mlimani yakiwa na nafasi tele. Kwa nini yasirudishe mbolea kwenye mashamba yale ya miteremko, badala ya mkulima kusubiri mfuko wa mbolea ya ruzuku ambao mara nyingi unafika baada ya mvua? Mkataba wowote wa mtambo uandike hilo, kwa bei iliyotajwa.

Serikali Kuu nayo ina kazi yake, na si ya kukata utepe. EWURA na TBS watoe kanuni na viwango vya bayogesi ya magari ili mwekezaji ajue anachopimwa nacho. Wauzaji wa mafuta wabanwe kununua gesi hiyo kama ilivyofanyika India. Viwanda vya sukari, hasa kile chenye fedha za wafanyakazi, vitakiwe kueleza hadharani maji yao machafu yanakwenda wapi. Na Manispaa ianzie pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021 kwa mbwembwe zote, kwa kutenga mapipa mawili: la mabaki ya vyakula na la plastiki. Hilo halihitaji mfadhili wala safari ya mafunzo Sweden.

Madiwani wa Manispaa, ambao tangu uchaguzi wa 2020 wengi mno ni wa chama tawala, watakaa tena kupitisha bajeti. Tunawaomba wamuulize mkurugenzi mambo matatu tu: malori ya taka yalikunywa lita ngapi za dizeli mwaka uliopita, zililipiwa shilingi ngapi, na taka zilizobebwa zilikuwa tani ngapi. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Tukiyapata tutayachapa ukurasa wa kwanza, hata kama yatakuwa mazuri.