Si Kila Hati ya Ukoo Iende Winguni

Katika koo zetu zilizotawanyika baina ya Unguja, Maskati, Dubai na London, siku hizi hakosekani mtu aliyejitolea kukusanya barua, hati na picha za wazee na kuziweka katika folda moja ya pamoja, ili kila jamaa azione popote alipo. Kazi hiyo ina thawabu zake. Hata hivyo ninayo rai ambayo baadhi ya ndugu hawataipenda: si kila kilichomo katika makasha ya wazee wetu kinafaa kuingia katika folda hiyo. Kabla ya kusawazisha ni lazima kutenga, na anayetenga ajue anatenga nini, kwa sababu gani, na kwa idhini ya nani.

Wengi hudhani kusawazisha ni kuweka akiba. Sivyo. Akiba ni nakala iliyokaa kando ikingojea siku ya dharura. Kusawazisha ni mfano wa kioo: kinachotendeka huku huonekana kule. Kijana mwenye ruhusa ya kuhariri akifuta barua katika simu yake Dubai, barua hiyo hutoweka pia katika kompyuta ya shangazi yake London. Akaunti ya bure ya Dropbox humpa mtu siku 30 za kurejesha kilichofutwa. Ukoo unaokutana Idi kwa Idi huenda usitambue hasara yake mpaka muda huo umekwisha kupita.

Kutenga nako kuna mtego wake. Dropbox na OneDrive humwezesha mtu kuchagua folda zipi zikae katika kompyuta yake. Ukiondoa alama mbele ya jina la folda, itatoweka katika mashine yako, lakini itabaki winguni vile vile, na kila mwenye ruhusa ataendelea kuifungua. Huko ni kuokoa nafasi ya diski, wala si kusitiri. Anayetaka kitu kisipande kabisa hana budi kukiweka nje ya folda inayosawazishwa. Watumiaji wa Windows wahakikishe kwanza kwamba huko nje ni nje kweli, kwa kuwa OneDrive inaweza kuwa inapandisha hata folda za kawaida za hati na picha.

Basi, nini kitengwe? Kwanza ni skani za asili. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, katika faili la TIFF lisilobanwa, hufikia megabaiti 100 hivi. Gigabaiti 15 za bure zinazotolewa na Google hujazwa na kurasa zisizofika 150. Skani hizo zikae katika diski mbili, nyumba mbili mbalimbali. Folda ya pamoja itatoshelezwa na nakala ndogo za kusomeka.

Pili ni hati za walio hai: pasi za kusafiria, karatasi za uraia, talaka, na mashauri ya mirathi ambayo bado hayajatulia. Hizo ni amana za wenyewe, hata kama zimekutwa katika sanduku la babu.

Tatu ni picha za harusi zilizopigwa upande wa wanawake, mama zetu na shoga zao wakiwa bila ya mabuibui. Walikubali kupigwa kwa sababu walijua picha itakaa katika albamu, na albamu itakaa ndani. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zilikuwa na baraza kwa ajili ya wapitao, na zilikuwa na ndani kwa ajili ya wenyewe. Folda yenye jamaa arubaini, kila mmoja na simu yake mfukoni, ni baraza. Aliye hai aulizwe, na aliyefariki asemewe na binti zake.

Lakini hapa pana mpaka ambao sitaki uvukwe. Sitara ni haki ya mtu; aibu ya ukoo si sababu ya kutenga. Wako wanaotamani kuziweka kando karatasi zinazoonyesha kwamba bibi mmoja alikuwa suria, au kwamba babu mwingine alimiliki watumwa. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria walingoja mpaka 1909. Wahusika wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na wajukuu wa bibi yule wana haki ya kulijua jina lake kama tunavyoyajua majina ya mababu waliotoka Oman. Hati hizo ziingie, tena zianze kuingia.

Yapo maneno ya kupinga yenye uzito. Husemwa kwamba tumepoteza mno. Kwamba mwaka 1964 familia ziliondoka na walichoweza kubeba tu, na kwamba kinachobaki mikononi mwa mtu mmoja hufa naye. Ni kweli. Mficha uchi hazai. Ndiyo maana nasema kilichotengwa kisikose orodha. Ndani ya folda ya pamoja iwemo karatasi moja iliyo wazi kwa wote: lipo bunda la barua za miaka kadha wa kadha, lipo kwa fulani, nakala yake ipo kwa fulani, anayetaka kulisoma amwombe fulani. Yaliyomo yawe na sitara, kuwepo kwake kusiwe siri. Kitu kilichotengwa bila ya orodha wala nakala ya pili hakikuhifadhiwa, kimezikwa.

Naziomba kila jamaa zenye folda ya namna hii zikae, hata kwa simu, kabla ya kuongeza faili jingine. Waandike orodha hiyo, na wateue watu wawili wa kuitunza, mmoja wao awe mwanamke.