Baraza ya Mwalimu: Picha ya Kunguru

Mwaka jana katika baraza hii nilikuzungumzieni kasida za wazee wetu, na huenda baadhi yenu mkashangaa kuona mwaka huu nimeshika habari za sinema, tena sinema ya mauaji. Sababu ni kuwa tulipokutana wakati wa joto, vijana walikuwa wakibishana juu ya "The Crow", yaani Kunguru, iliyotengenezwa upya mwaka 2024. Nikawaambia waanze na ile ya 1994. Wakacheka: "Babu naye anaijua!" Naijua, na leo nitaeleza kwa nini naipenda.

Sisi tuliokulia Unguja tulikuwa na kanuni moja tulipokwenda kutazama picha: steringi hafi. Bruce Lee ndiye aliyetuvunjia kanuni hiyo, alipofariki Julai 1973 akiwa na miaka 32. Steringi wa Kunguru ni mwanawe, Brandon, naye alifariki tarehe 31 Machi 1993, akiwa na miaka 28, wakati picha hii ikitengenezwa huko Wilmington, North Carolina. Bastola ya mchezo ilikuwa na kichwa cha risasi kilichokwama ndani ya mtutu bila ya watu kujua. Ilipotiwa baruti tupu na kufyatuliwa, kile kichwa kikatoka na kumpiga. Alikuwa amebakisha wiki mbili na ushei kufunga ndoa. Hakuna aliyeshitakiwa kwa jinai. Sehemu zilizobaki zilimaliziwa kwa mtu wa kumwakilisha na kwa ufundi wa kompyuta.

Ama hadithi yenyewe ni hii. Katika mji wa Detroit, usiku wa tarehe 30 Oktoba, ambao wenyeji waliuita Usiku wa Shetani kwa vile wahuni walikuwa wakichoma majumba moto, mpiga gitaa Eric Draven na mchumba wake Shelly wanavamiwa nyumbani kwao na kuuawa. Mwaka mmoja baadaye kunguru anatua juu ya kaburi na Eric anafufuka ili awasake wauaji mmoja baada ya mmoja. Mtengenezaji, Alex Proyas, ameijaza picha giza na mvua, kiasi ambacho mtazamaji hutamani kujifunika shuka. Rangi hiyo ameitoa katika kitabu cha michoro ya wino mweusi cha James O'Barr, kilichoanza kutoka 1989. O'Barr alianza kuichora hadithi hii baada ya mchumba wake kuuawa na dereva mlevi, naye mwenyewe amesema kuwa kuichora hakukumponya.

Hapo ndipo picha hii ilipoingia nyumbani kwetu. Ndugu yangu mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu, aligongwa na dereva mlevi mwaka 1994, hapa Uingereza, alipokuwa akivuka barabara kurudi kutoka zamu ya usiku. Dereva alipewa kifungo ambacho sisi tulikiona kidogo. Mwanawe, aliyekuwa na miaka 16, akanyamaza, na kila nikimsemesha akinijibu neno moja: "Ami, siku akitoka nitamngojea mlangoni." Nilimsomesha niliyosomeshwa chuoni, kwamba kisasi kina mipaka yake na mwenye kusamehe ana ujira wake. Alinisikiliza kwa adabu, wala halikumwingia hata moja. Kusema kweli, na mimi usiku nilikuwa nikimfikiria dereva yule kwa fikira zisizomfaa mwalimu.

Siku moja ya baridi akaja na kaseti ya video. "Ami, kaa utazame." Nilidhani nitaona mtu akichinja watu tu. Niliyoyaona ni mengine. Katikati ya kisasi chake Eric anamkuta mama wa Sarah, yule mtoto aliyekuwa akilelewa na Shelly kama mdogo wake, amezama katika madawa ya kulevya. Hamuui, anamtoa sumu mwilini na kumkumbusha kuwa ana mtoto. Asubuhi yake mama anamkaangia mwanawe mayai, na mtoto haamini macho yake. Kisha kuna askari Albrecht, aliyekaa na Shelly hospitali saa 30 mpaka roho ikamtoka. Eric anayachukua maumivu ya saa zile kwa kumgusa askari, na mwisho, juu ya paa la kanisa, anamtia yote kwa pamoja mkubwa wa majambazi. Hakumpiga risasi. Alimjulisha alichokifanya. Na alipokwisha hakubaki duniani kustarehe, bali alirudi kaburini kwake.

Kaseti ilipokwisha kijana akasema, "Ami, mimi nataka ayajue tu. Ajue baba alikuwa nani." Nikamwambia, basi tuandike. Tuliandika barua kurasa nne: zamu zake za usiku, mzaha wake, na mwanawe wa mwisho aliyezaliwa hakumkuta. Tuliipeleka kwa njia ya wakuu wa gereza. Jawabu halikuja mpaka leo. Lakini dereva alipotoka, hakuna aliyemngojea mlangoni.

Chuoni tulifundishwa kisa cha kunguru aliyemwonesha muuaji wa kwanza namna ya kumzika ndugu yake. Kila nikiitazama picha hii humkumbuka kunguru yule. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini maiti wake hana budi kuzikwa.

Wazazi, tahadharini: mna damu, madawa na mambo ya utu uzima, si picha ya watoto. Wakubwa itazameni, kisha mzungumze na vijana wenu kabla ya kulala. Wassalaam.