Nani Amekatwa Kwenye Picha?

Fungua kalenda yoyote ya utalii wa Kenya. Januari, ndovu na mlima Kilimanjaro nyuma yake. Februari, chui juu ya mti. Machi, nyumbu wakivuka mto Mara. Endelea hadi Desemba: hakuna ng'ombe, hakuna baiskeli, hakuna mama aliyebeba kuni. Ukiwa na bahati utapata Mmaasai mmoja amesimama kule mbali na mkuki, kama mti mwingine tu.

Mimi ni mpiga picha. Kazi yangu iko pembezoni mwa Tsavo, na nasema bila kuzunguka: kalenda hiyo ni uongo. Tena si uongo wa kupamba ukuta tu. Una gharama, na wanaoilipa hawajawahi kuulizwa.

Pori lisilo na watu halikuumbwa na Mungu. Lilitengenezwa. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Wawaata walikuwa wakiwinda ndovu katika nchi hiyo kwa pinde ndefu na mishale ya sumu, na walijua kusoma nyayo kama wewe unavyosoma gazeti. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ikawafanyia operesheni. Wakakamatwa, wakafungwa, na mtu aliyekuwa mwindaji akapewa jina jipya: jangili. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango kule Galana wa kuwaruhusu wawinde kihalali. Haukuwafikisha mbali, baadaye eneo likageuka ranchi.

Halafu ukaja ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndovu kwa maelfu wakafa njaa ndani ya Tsavo. Peter Beard, Mmarekani, akapanda ndege na kupiga picha za mizoga ile kutoka juu. Ni picha nzito, sibishi. Zilizunguka dunia na watu wakabishana: je, ndovu walikuwa wamezidi? Wapunguzwe au waachwe? Lakini kutoka angani mzoga unaonekana, Mwaata haonekani. Swali la walioishi na ndovu hao wamepelekwa wapi halikuingia kwenye fremu.

Mnadhani mambo yamebadilika? Shirika moja la uhifadhi liliwahi kununua picha yangu ya ndovu kwenye kidimbwi wakati wa kiangazi. Upande wa kushoto alikuwepo mtoto na mbuzi kama kumi, wanangoja ndovu wamalize kunywa. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe: maji ni kidogo, kila mtu anajua zamu yake. Jibu likaja: picha nzuri sana, ila tutoe mbuzi. Mtoto hata hawakumtaja. Alikatwa pamoja na mbuzi wake, na picha ikatoka kwenye ripoti, ndovu peke yao, maji yote yao.

Sasa angalia gharama. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama, familia ilipwe shilingi milioni 5. Familia zinangoja miaka. Nani atawapigia kelele? Mfadhili aliyelelewa na kalenda haelewi hata fidia ni ya nini. Kwani kuna watu huko? Ukizoea kuona nchi tupu, siku utakapomwona mtu utamwita mvamizi, hata kama kaburi la babu yake liko pale pale.

Na msiniambie picha hizo zinaokoa wanyama. Hesabu za miaka mingi katika nyanda zetu za malisho zinaonyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Kalenda hazijapungua hata moja. Zaidi ya nusu ya wanyama wetu wanaishi nje ya mbuga, kwenye mashamba na malisho ya watu. Kwa hiyo atakayeamua kama ndovu ataishi au la ni yule tuliyemkata kwenye picha.

Wahariri wana jibu lao: picha yenye mtu haiuzi. Ati watu wanataka pori. Haya, nikumbusheni picha ya Sudan, yule faru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho, aliyekufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Picha ambayo dunia inaikumbuka ni ile ya Ami Vitale: mlinzi Joseph Wachira ameinama, ameegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha Sudan. Mtoe Wachira hapo, unabaki na faru mzee amelala chini. Watu walilia kwa sababu waliona mmoja wetu akifiwa. Na walilijua jina lake, jambo ambalo walinzi wengi wa picha zetu hawapati.

Wengine wataniambia: watu haohao ndio wanaochoma makaa, ndio wanaoingiza ng'ombe mbugani usiku. Basi piga hiyo pia! Mpige mchoma makaa, mwulize gunia anauza bei gani na karo ya watoto ni ngapi. Sijasema mtu awe malaika. Nimesema awepo.

Linaloniuma zaidi ni watoto. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga, ilhali ninakutana na watoto wa Voi ambao ndovu wanamjua kwa njia mbili: yule aliyekula mahindi ya nyumbani, na yule wa kwenye sarafu ya shilingi 20. Basi la watalii linawapita barabarani wakienda shule. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa mwaka 1968, kwa hiyo wazo la kumtoa mtoto darasani akaone mnyama si geni kwetu. Lakini safari moja ya mwaka, watoto wamebanwa dirishani na mwalimu anapiga kelele "twiga yule!", hiyo si elimu. Hiyo ni kalenda yenye magurudumu.

Mimi nikifundisha, siku ya kwanza kamera inabaki kwenye begi. Tunatembea na mzee kwenye mto mkavu, tunasoma nyayo: nani amepita, lini, alikuwa na haraka? Siku ya pili ndipo wanapiga picha. Na unajua wanapiga nini? Hawampigi simba. Wanapiga ua wa mizinga ya nyuki kule Sagalla, ule unaozuia ndovu kuingia shambani kwa sababu ndovu anaogopa nyuki. Wanampiga bibi mwenye shamba, mkononi chupa ya asali, nyuma yake mti uliovunjwa wiki iliyopita. Mtoto wa darasa la sita anaweka kwenye picha moja yale ambayo ripoti ya kurasa mia inayaruka.

Kwa hiyo, mashirika: mkitaka ndovu wangu, mnunue na mbuzi. Wahariri: andikeni jina la mtu chini ya picha kabla ya jina la mnyama. Walimu: tafuteni mzee anayejua nyayo, yupo karibu kuliko mnavyodhani, na nauli yake ni ya boda boda tu. Na wapiga picha wenzangu, kabla hujasogea hatua mbili kulia ili yule mchungaji atoke kwenye fremu, simama. Msalimie kwanza, umwulize anaitwa nani. Halafu piga.