Ukistaafu na miaka 50, utakuwa na afya gani?

Majuzi alikuja kwangu hapa Kisii mwalimu kutoka Nyamira, mwenye umri wa miaka 47. Kichwa kilikuwa kikimgonga na usingizi umempotea. Nilipompima, presha ilikuwa 170 juu ya 110.

Nikamwuliza siku yake inavyokwenda. Alfajiri husimamia wachumaji wa majani chai shambani mwake, mchana hufundisha, jioni hutoa tuisheni, kisha hukaa dukani hadi saa nne usiku.

"Daktari, ni miaka mitatu tu," akanijibu. "Nikifika 50 nastaafu."

Sheria inamruhusu. Umri wa kustaafu kwa lazima ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, lakini wa serikali wanaweza kuondoka kwa hiari wakiwa na 50. Kosa lake ni kwamba anahesabu shilingi na kuisahau mishipa ya damu. Presha haingoji barua ya kustaafu. Huweza kupasua mshipa wa ubongo au kuharibu figo kimya kimya, na pensheni ya mtu aliyepooza huishia kwenye dawa.

Nilimwuliza kama anapenda ualimu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema akiwa darasani husahau hata madeni. Basi, Mwalimu, mbona unaikimbia kazi unayoipenda na kujiua kwa zile usizozipenda?

Sisemi kuipenda kazi ni kinga. Wachongaji wa mawe kule Tabaka wanaipenda yao, lakini vumbi lile likivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Afadhali kulowesha jiwe na kufunika pua. Hata mimi niliwahi kufanya zamu za usiku katika hospitali mbili ili nijenge haraka. Nyumba ilikwisha, na presha ninayo hadi leo.

Kama kazi yako inakutesa hata unatafuta nafuu kwenye chupa, ondoka mapema, ila uwe na shughuli ya kukuamsha asubuhi. Kama unaipenda, punguza vibarua vya pembeni uifanye hadi 60. Na ukishapita miaka 40 pima presha na sukari kila mwaka, hata kama huumwi.

Mwalimu ameanza dawa na tuisheni ameiacha. Kuhusu duka, bado tunabishana.