Chukudu ya kikundi

Wiki hii tuongee juu ya safari ya gunia, kutoka shambani mpaka sokoni.

Sisi wa milima ya Masisi tunavuna viazi na maharage kwa jasho, halafu sehemu ya faida inabaki njiani. Asiye na pesa ya kumlipa mbebaji anajifunga kamba kwenye paji la uso na kubeba mwenyewe, hata akiwa na mimba. Kwa hiyo swali linarudi katika mikutano yetu: kikundi kinunue chukudu yake?

Chukudu tunaijua. Ni mbao za mukalitusi, magurudumu mawili yenye kuvikwa mpira wa matairi ya zamani, na usukani. Haihitaji mafuta, na fundi wa kijijini anaitengeneza. Inabeba magunia ambayo mgongo wa mama hauwezi. Mjini Goma wameisimamishia sanamu kubwa, kwa sababu inalisha watu.

Lakini kabla ya kutoa akiba, tufanye hesabu. Kwa mwezi mmoja tuandike pesa yote tunayowalipa wabebaji. Kisha tutoe malipo ya msukumaji, na matengenezo ya magurudumu. Kinachobaki ndicho faida. Kama ni kidogo, afadhali tukusanye mizigo yetu siku moja na kupatana bei pamoja. Mama akienda peke yake anapangiwa bei. Tukiwa kumi tunaipanga sisi.

Jambo la pili ni mteremko. Kupanda, chukudu inasukumwa. Kushuka, inakimbia yenyewe. Breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mpira ukiisha, mzigo hausimami. Tuuangalie kila asubuhi, na mvua ikinyesha tungoje njia ikauke.

La tatu ni watoto wetu. Chukudu ya kikundi isimtoe mvulana darasani. Msukumaji awe mtu mzima, na alipwe.

Dada zetu wa Walikale, tunajua matope ya msituni hayapendi magurudumu. Kwenu pia kupatana bei pamoja kunawezekana, hata kama mzigo unaenda kwa pikipiki au kwa mgongo.

Tuongee hayo kikundini, daftari likiwa mezani. Mungu awalinde njiani.